Ukiambiwa "Subiri" Bila Kuambiwa Mpaka Lini

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kungoja. Sina maana ya kungoja daladala saa kumi na mbili jioni. Kungoja huko kuna adha zake, lakini kuna mwisho: basi litakuja, na hata likija limejaa utaning'inia mlangoni ufike kwako. Nina maana ya kungoja karatasi. Umekwisha kujaza fomu, umepiga picha, umelipa ada, umepewa stakabadhi, na umeambiwa neno moja tu: subiri. Hukuambiwa mpaka lini.

Mama mmoja wa Temeke ameniletea barua. Kijana wake alikwenda Marekani kusoma kwa mpango wa kubadilishana wataalamu. Sheria ya huko inasema kwamba baadhi ya watu wanaokwenda kwa mipango ya namna hiyo sharti warudi kwao wakae miaka miwili kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu au viza za aina fulani za kazi. Sharti hilo linaweza kuondolewa kwa maombi. Njia moja ni serikali ya nchi anayotoka mwombaji iandike, kupitia ubalozi wake, kwamba haina pingamizi. Barua hiyo inakwenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, nayo ikiridhika inapendekeza kwa idara ya uhamiaji, na idara ndiyo inayoamua. Kijana amefanya yote hayo. Sasa anangoja. Mama hataki kujua habari za sheria, maana sheria anaieleza vizuri kuliko mimi. Anachouliza ni hiki: mwanawe hanunui hata kitanda. Analala kwenye godoro sakafuni, kwa sababu huenda akaondoka. Mchumba amemwambia asubiri kwanza karatasi zitoke. Mama anauliza, "Mtu anaishije hivyo?"

Nilipoisoma barua hiyo mawazo yangu hayakwenda Marekani. Yalikwenda Mpanda.

Kwa wasiofika huko, Mpanda leo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Ukitoka hapa kwa reli unakwenda mpaka Tabora, unaendelea mpaka Kaliua, na hapo tawi moja linakata kuelekea kusini magharibi. Tawi hilo lilijengwa zamani za Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Linapita miomboni, linavuka Mto Ugalla, na kabla hujafika Mpanda mjini treni inasimama Katumba. Nyuma ya stesheni ile kumejaa vijiji, mashamba ya mahindi na mihogo, makanisa na masoko. Upande mwingine wa Mpanda, ukishika njia ya Uvinza na Kigoma, kuna Mishamo. Sehemu hizi mbili, pamoja na Ulyankulu kule Tabora, ndizo zilizopokea watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Ulyankulu ilianza mwaka ule ule, Katumba ikafuata 1973, na Mishamo ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya sabini baada ya Ulyankulu kufurika.

Watu hao walipewa ardhi na majembe, wakafyeka pori. Baada ya miaka michache walikuwa hawali tena chakula cha msaada, na mahindi na maharage yao yalikuwa yanauzwa nje ya makazi. Lakini kisheria walibaki wakimbizi. Mtu wa Katumba aliyetaka kwenda Tabora kumwona nduguye hospitali alihitaji kibali cha Mkuu wa Makazi. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1975, ambaye hajaiona Burundi hata kwa ndoto, aliandikwa mkimbizi kama baba yake. Na mwanawe naye akaandikwa hivyo hivyo.

Naomba niseme hapa kwamba nchi yetu ilikuwa na mfano mwingine, tena katika wilaya ile ile ya Mpanda. Kule milimani Mwese waliwekwa wakimbizi Watutsi wa Rwanda katika miaka ya sitini. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 waliokuwa nchini, na mwaka 1983 Mwalimu akapewa Nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa watu waliowatendea wema wakimbizi. Kwa hiyo mtu wa Katumba alikuwa na haki ya kujiuliza: wale wa Mwese wamepita, sisi je?

Sasa tufike mwaka 2007. Serikali ya Tanzania, serikali ya Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikubaliana kuifunga hesabu ya watu wa sabini na mbili. Walihesabiwa, wakakutwa kiasi cha 218,000 katika makazi yale matatu. Kila mmoja aliulizwa anataka nini: kurudi Burundi au kuwa Mtanzania. Mmoja kati ya watano alitaka kurudi, na kuanzia 2008 zaidi ya watu 50,000 walisafirishwa wakarudi. Wanne kati ya watano walisema hapa ndipo kwetu.

Wasomaji wa magazeti mnajua jinsi uraia wa tajnisi unavyoombwa. Mnaona yale matangazo madogo kurasa za ndani, fulani bin fulani anaomba uraia, mwenye pingamizi aandike. Kisha maombi yanapanda ngazi: kata, wilaya, mkoa, makao makuu ya Uhamiaji, hadi meza ya Waziri. Waziri anaweza kukubali au kukataa, na sheria haimlazimishi kutoa sababu. Kwa watu wa makazi utaratibu ulirahisishwa, maofisa wakawafuata huko huko. Na mwezi wa Aprili 2010 ikatangazwa kwamba zaidi ya watu 162,000 wamekubaliwa. Dunia nzima ilitusifu, na ilikuwa haki itusifu. Hakuna nchi nyingi zilizofanya jambo kama hilo kwa watu wengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

Isipokuwa cheti hawakupewa.

Kulikuwa na sharti. Ili upewe cheti ilikuwa lazima kwanza uhame. Makazi yalikuwa yafungwe, na raia wapya, kama walivyokuja kuitwa, watawanywe katika mikoa 16. Mantiki ya serikali haikuwa ya kijinga, na sipendi kusikia watu wakiibeza. Ilisemwa kwamba ukiwaacha pale pale watabaki kisiwa, watu wa asili moja wamekaa pamoja ndani ya pori moja, na uraia wao utakuwa wa jina tu. Kwamba Mtanzania anakaa na Watanzania. Mtu aliyeona yaliyotokea katika Maziwa Makuu miaka ya tisini anaelewa woga huo unatoka wapi.

Lakini angalieni jambo lenyewe lilivyokaa. Kijana wa yule mama wa Temeke anangoja kuondolewa sharti la kurudi kwao. Watu wa Katumba na Mishamo waliwekewa sharti la kuondoka kwao. Na kabla ya kufika hapo walikuwa wamekwisha kutia sahihi kuukana uraia wa Burundi, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Basi wakawa wameuvua mmoja na mwingine hawajauvaa. Waliambiwa ni raia. Uraia wa tajnisi lakini ni cheti. Pasipo cheti unaonyesha nini?

Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2010 ukapita, hawakupiga kura. Agosti 2011 zoezi la kuhamisha likasimamishwa. Fedha za kuwahamisha na kuwajengea huduma huko waendako zilikuwa nyingi, na baadhi ya mikoa iliyotajwa kuwapokea haikuonyesha hamu. Kusimamishwa si kufutwa. Kwa hiyo hawakuhamishwa, na hawakuambiwa kaeni. Mwaka 2012 ukapita. Mwaka 2013 ukapita.

Mwaka huo wa 2013 nilifika Katumba. Nilikuwa na shughuli nyingine Mpanda, nikashuka kwenye treni kwa sababu ya udadisi tu, na mwenyeji wangu akanipeleka kwa mzee mmoja jirani yake. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kigoda. Mbele ya nyumba yake ya udongo palikuwa na tanuri la matofali ya kuchoma. Tanuri zima, halijaguswa. Majani yalikuwa yameota juu yake, na upande mmoja mvua imekula matofali ya chini yakaanza kumomonyoka. Nikamuuliza kwa nini hajengi.

"Mwanangu," akaniambia, "haya niliyachoma mwaka 2009. Wakaja wakasema tutahama. Nikasema, nikijenga nitaiacha nyumba. Basi nangoja. Wakisema tunabaki, najenga. Wakisema tunakwenda, nawaachia nyoka."

Nikamwambia lakini mzee, serikali imekwisha kusema ninyi ni raia. Akacheka. "Nimekubali, mimi ni raia. Raia wa kijiji gani?"

Hatua kama mia moja kutoka hapo palikuwa na nyumba ya mama mjane, nayo ya udongo, lakini imeezekwa mabati mapya yanayong'aa. Nikadhani huyu labda hajasikia habari ya kuhama. Kumbe amesikia kuliko wote. Alinieleza kwa ufupi, huku akipepeta maharage: matofali hayabebeki, mabati yanabebeka. Siku ya kuhama atapanda juu, atang'oa misumari, atafunga mabati yake kwa kamba aondoke nayo. Na wasipohama, basi miaka yote hiyo hakulala chini ya nyasi zinazovuja. Mbuzi alikuwa nao wanne. Baiskeli ilikuwapo. Binti yake alikuwa sekondari. "Na hiyo shule," akasema, "nani atamwambia aiache hapa?"

Ndugu msikilizaji, mimi nimesikia mahubiri mengi juu ya subira, lakini sijasikia mtu akiieleza vizuri kama mama yule na maharage yake. Mzee wa tanuri na mama wa mabati walikuwa wanangoja karatasi ile ile, kutoka ofisi ile ile, kwa idadi ile ile ya miaka. Mmoja alikuwa ameyasimamisha maisha mpaka jibu lije. Mwingine alikuwa amejiuliza: katika mambo ninayotaka kufanya, yapi yananitaka nijue jibu kwanza, na yapi hayanitaki?

Sitaki mtu anielewe vibaya, nikaonekana namcheka mzee. Alikuwa na haki. Mtu aliyekwisha kukimbia mara moja, akaiacha nyumba na ng'ombe na makaburi ya wazee wake, hana hamu ya kujenga nyumba ya pili ya kuacha. Tena aliyemwambia atahama ni serikali, si mpiga ramli. Kosa la tanuri lile kuota majani si lake. Na ninyi mnaofanya hesabu za maendeleo ya nchi, jaribuni kuhesabu matanuri ya namna hiyo. Hesabuni na miembe ambayo haikupandwa kwa sababu mwembe unataka miaka na aliyeupanda hajui kama atakuwapo, akapanda mihogo. Hasara ya "subiri" haiandikwi popote kwa sababu ni hasara ya vitu ambavyo havikufanyika.

Vijana ndio walioumia kwa namna nyingine. Kijana wa Katumba aliyefaulu kidato cha sita, akachaguliwa chuo, anaambiwa mkopo wa Bodi ni wa Mtanzania, lete uthibitisho. Anasema nimetangazwa. Anaambiwa lete cheti. Pasipoti, cheti. Ajira serikalini, cheti. Kibali cha Mkuu wa Makazi ulikuwa mzigo kwa baba yake, lakini angalau baba alijua ni karatasi gani anaitafuta na mlango gani anagonga. Huyu wa sasa alikuwa anatafuta karatasi ambayo kila ofisa aliyemuuliza alisema ipo, ila si yeye anayeitoa.

Kitu kimoja walikuwa nacho watu wa Katumba na Mishamo ambacho kijana wa Temeke hana: walingoja wengi. Jioni ukikaa kilabuni au ukitoka kanisani, kila uliyemkuta alikuwa na hali kama yako, na habari ikivuma kutoka Mpanda au Dodoma iliwafikia wote siku moja. Hili si jambo dogo. Mtu anayengoja peke yake huanza kudhani kwamba kuna kosa katika maombi yake, au katika nafsi yake. Anarudia fomu usiku kucha akitafuta alipokosea tahajia. Wanaongoja pamoja wanajua kwamba tatizo si wao.

Na wakati mwingine wengi wakichoka huamka. Jirani zetu Wamakonde wa Kwale nchini Kenya, ambao wazee wao walivuka mpaka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa zamani za ukoloni, walikaa vizazi na vizazi bila kitambulisho. Oktoba 2016 waliamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe, na mapema mwaka 2017 vitambulisho vikaanza kutolewa. Miezi michache tu, baada ya miaka yote ile! Ndipo unapojua kwamba mara nyingi kinachokosekana si utaratibu. Ni mtu wa kusema, "Toeni."

Kwetu neno hilo lilisemwa Oktoba 2014. Rais Jakaya Kikwete, huko Tabora, alianza kukabidhi vyeti vya uraia, na sharti la kuhama likawekwa kando. Walioamua kubaki wakabaki walipo. Tangu tangazo la Aprili 2010 ilikuwa miaka minne na nusu. Tangu walipovuka mpaka, arobaini na miwili. Mwaka uliofuata nchi nzima ilikuwa inaandikishwa upya kwa mashine katika daftari la wapiga kura, na waliokuwa na vyeti mkononi wakaweza kwenda kuandikishwa kama mtu mwingine yeyote wa Mpanda.

Sasa nimjibu mama wa Temeke, maana asije akadhani nimemtembeza Katavi kumpotezea muda. Kitanda kijana anunue. Kitanda kinauzika siku ya kuondoka, hata kwa nusu bei, na nusu bei ni nafuu kuliko mgongo. Kama kuna kozi, asome. Elimu ni bati, haing'oki ikabaki nyuma. Asinunue nyumba kwa mkopo wa miaka thelathini, hilo ndilo tofali. Ndoa sina ruhusa ya kuizungumzia, lakini namwomba yule binti ajiulize kama anaolewa na mtu au anaolewa na karatasi.

Jambo jingine ni karatasi zenyewe. Kule Katumba nilionyeshwa sanduku la bati ambalo ndani yake kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kila kitu: kadi ya kliniki ya mtoto, fomu za kuandikishwa, vibali vya zamani vya kutoka makazini, stakabadhi za kodi ya baiskeli. Mwenye sanduku hakutupa hata kipande. Katika kungoja kwa muda mrefu maofisa hubadilishwa, majalada hupotea, na majina huandikwa vingine. Anayebaki na kumbukumbu kamili ni mwombaji peke yake. Kijana atunze nakala za kila alichopeleka, na tarehe aliyopeleka, na jina la aliyepokea. Akiuliza, aulize kwa maandishi, kwa nambari ya jalada, mara moja kwa kipindi fulani alichojipangia, si kila siku. Kuuliza kila siku hakuharakishi jalada. Kunamchosha anayeuliza. Akishapeleka swali lake arudi kwenye shughuli zake, na siku zilizo katikati awe na ruhusa, ambayo amejipa mwenyewe, ya kutofikiri habari hiyo.

Mimi mwenyewe nimengoja karatasi ya kiwanja kutoka ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa miaka sita. Nilichojifunza ni kwamba mwaka wa kwanza unauliza jalada limefika wapi; mwaka wa tatu unamuuliza karani habari za watoto wake. Yule karani ni mtu mwema. Alikuwa hajui, kama nisivyojua mimi.

Na hapa niseme neno kwa upande wa pili wa dirisha. Watu hupenda kutukumbusha kwamba subira yavuta heri. Wazee wale wale walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na sijui kwa nini methali ya kwanza inajulikana zaidi maofisini. Mwombaji anaweza kukubali "hapana". Atalia, kisha atafunga mizigo, au atakata rufaa, au atajenga kwingine. Anaweza kukubali hata "miaka mitatu". Angalau angepiga hesabu: mzee angejua kama ajenge au auze matofali yake. Kisichopangika ni "subiri". Kama jibu lenyewe haliwezi kutolewa leo, ofisi inaweza kutoa tarehe ya kutoa habari: rudi tarehe fulani, tutakuambia lilipofika. Tarehe hiyo ikifika bila jibu, basi itolewe nyingine pamoja na sababu. Haihitaji fedha za wafadhili. Inahitaji kalamu, na nafasi pale chini ya stakabadhi. Wale watu zaidi ya 162,000, kama Agosti 2011, siku uhamisho uliposimamishwa, wangeambiwa, "Hakuna atakayehamishwa kabla ya mwaka fulani, limeni, jengeni," matofali mengi yangekuwa nyumba.

Sijasema kwamba hesabu ya Katavi imefungwa yote. Katika shughuli kubwa kama ile wapo waliopitwa. Kuna aliyekuwa safarini siku ya kuhesabiwa mwaka 2007, na kuna ambaye ombi lake lilikataliwa akabaki na mke mwenye cheti na watoto wenye cheti. Ndani ya nyumba moja unakuta raia na asiye raia wanakula sahani moja. Watu hawa siku hizi hawazungumzwi redioni wala magazetini, kwa sababu sherehe imekwisha kufanyika na picha zimekwisha kupigwa, na wao ni wachache. Lakini wachache hao wanangoja peke yao sasa, bila ule umati wa jioni niliousema. Maofisa wanaoshughulika na habari hizi huko Nsimbo na Tanganyika, ambako ndiko Katumba na Mishamo zinakohesabiwa siku hizi, wanawajua kwa sura. Waanze na hao kuwaandikia tarehe.